Mkuki wa Kwapani

Mume wangu hajapanda farasi hata siku moja maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu ukimsikia Jumamosi mchana, amekaa kwenye meza yangu ya kulia chakula na wenzake, utadhani alizaliwa juu ya tandiko. Farasi pekee aliyewahi kumwona kwa karibu alikuwa anavuta kigari cha watoto kwenye uwanja wa maonyesho, amekonda mbavu zinahesabika, na mume wangu akakaa mbali naye kwa kuwa alisikia farasi wanauma. Lakini mezani kwangu yeye ni shujaa wa vita, ana deraya ya chuma, ana ngao, na ana mkuki mrefu kuliko sebule yetu.

Nitazisimulia habari za mchezo huo, ingawa kwangu ni upuuzi mtupu wa watu wazima. Nazisimulia kwa sababu ya macho yake. Macho ya mume wangu yalianza kumwacha, na alipotafuta mahali pa kuyaficha ili mimi nisijue, aliyaficha humo mchezoni.

Jina lake la mtaani ni Cheche. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alipewa jina hilo akiwa bado anajifunza kazi, siku cheche iliporuka ikamwingia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Badala ya kuivua, akaanza kukimbia kuizunguka karakana huku mafundi wakubwa wamekaa chini kwa kicheko, hakuna hata mmoja mwenye nguvu ya kumsaidia. Mageti mengi ya mtaa wetu ameyatengeneza yeye. Anapenda utani, anakula amesimama, na kuomba msamaha kwake ni kazi ngumu kuliko kubeba mtungi wa gesi. Nimeishi naye mpaka watoto wamekua na kwenda kwao, na bado akinichekesha nacheka.

Mchezo aliuleta Mwalimu, rafiki yetu wa tangu zamani, anayefundisha historia sekondari. Alipata kitabu kinene chenye picha za majoka na watu wenye mapanga, akakisoma likizo nzima, kisha akaja nacho kwangu kwa sababu meza yangu ni kubwa na mke wake alimfukuza. Mchezo wenyewe uko hivi: mmoja anasimulia, na huyo ni Mwalimu. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Mwalimu anasema, mmefika kwenye daraja, ng'ambo kuna maadui. Unasema utafanya nini, unarusha dadu, na dadu inaamua kama umefanikiwa au umeaibika. Katikati ya meza kuna karatasi kubwa yenye mirabamraba, na juu yake wanasogeza visanamu ambavyo Cheche alivichomelea kwa misumari, nati na vipande vya mnyororo.

Wachezaji ni watatu. Cheche ndiye shujaa wa farasi. Wifi yangu, dada yake mdogo, anayeuza kwenye duka la dawa, ni mpiga mishale. Wa tatu ni mtu mmoja mkubwa, mpole, mtunza bohari ya vifaa vya ujenzi, tunayemwita Stoo. Yeye kwenye mchezo ni mwizi mdogo mwenye miguu myepesi, na kila akisema "nanyata" kiti changu kinalia chini yake.

Mimi ni msusi. Jumamosi kiti cha wateja nakiweka barazani, chini ya dirisha la sebule, kwa hiyo nilipata vita vyote masikioni nikitaka nisitake. Siku moja mteja alinishika mkono, ameshaanza kulengwa na machozi, akaniuliza nani amefariki ndani, maana alisikia mume wangu anapiga kelele, "Amekufa! Jamani, amekufa kweli!" Nikamwambia ni farasi. Akaniuliza, "Mna farasi?" Nikamwambia ainamishe kichwa tu tumalize.

Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa lugha ya kigeni, na Mwalimu ndiye aliyewatafsiria sheria zake. Hapo ndipo balaa la kwanza lilipozuka. Mle ndani kulikuwa na silaha mbili tofauti. Moja ni mkuki huu tunaoujua, wa kurusha na kuchoma. Nyingine ni gongo refu la mti lenye ncha ya chuma, la mtu aliye juu ya farasi anayekwenda mbio. Mwalimu zote mbili akaziandika mkuki, akaendelea mbele. Cheche akachagua ile ndefu kwa sababu ilikuwa na maumivu mengi kwa adui, na vita vya kwanza kabisa akatangaza, "Naurusha!"

"Haurushwi huo!" Mwalimu alishika kichwa. "Huo unakumbatiwa. Unaubana hapa, kwapani, farasi anakwenda mbio, na uzito wote wa farasi ndio unaompiga adui."

"Kwapani?" Wifi akauliza.

"Kwapani."

"Kaka yangu na joto hili, huyo adui atakufa kabla hajaguswa."

Ikawa hivyo, mkuki wa kwapani. Hawakupata neno lingine mpaka leo. Wateja wangu nao walilizoea, na mmoja alikuwa akifika anauliza kwanza kama jasho limeshamwagika vitani.

Ugomvi wa Cheche na Mwalimu ulianzia hapo na haukwisha. Kitabu kinasema shujaa akikimbia na farasi na kumpiga adui kwa mkuki huo, anarusha dadu mara mbili. Anaweza kupiga, kugeuza farasi, kupiga tena na tena mpaka achoke yeye, na mkuki uko vilevile. Mwalimu jambo hilo lilimnyima usingizi. Alisema katika historia mkuki ule ulivunjika kwenye pigo la kwanza, mpiganaji akakitupa kipande kilichobaki mkononi na kushika upanga. Alisema mtu hakukimbia peke yake kama kichaa, walikwenda safu nzima, goti kwa goti. Alisema bila tandiko lenye mgongo mrefu na vyuma vya kukanyagia, mpigaji mwenyewe angerushwa nyuma kama gunia. Na farasi naye ana akili, ukimpeleka kwenye ukuta wa watu walioshika mikuki mirefu, anasimama, dadu iseme isemavyo.

Cheche alimsikiliza huku anatafuna karanga.

"Mwalimu," akasema, "joka linaloruka na kutema moto umelikubali. Mchawi anayegeuka popo umemkubali. Mkuki usiovunjika ndio unakukera?"

"Joka ni la kubuni. Mkuki ulikuwepo!"

"Nipe dadu zangu mbili."

Alikuwa hataki kusikia historia. Ndiyo maana ile Jumamosi ya kofia ilinishangaza.

Siku hiyo Mwalimu aliweka adui mwenye shoka pembeni ya karatasi, upande wa kushoto, wazi kabisa. Wifi alimwona, Stoo alimwona, na hata mimi niliyepita kuchukua maji ya moto nilimwona. Cheche akakamata farasi wake wa minyororo, akampeleka mbele moja kwa moja, akapita ubavuni mwa yule mwenye shoka kama hayupo.

"Una uhakika?" Mwalimu akamuuliza.

"Kwa nini nisiwe na uhakika?"

Mwalimu akarusha dadu, shoka likamwingia farasi shingoni. Wakacheka. Wifi akamwambia kaka amelewa karanga. Cheche hakucheka. Aliitazama karatasi, akageuza kichwa chote kushoto, ndipo akakiona kile kisanamu, na nikaona mkono wake umetulia mezani. Kisha akasema:

"Kofia. Mwalimu, si ulisema kofia zao za chuma zilikuwa na tundu dogo mbele, upana wa kidole? Sasa mtu amevaa hiyo, anakwenda mbio, atamwona vipi wa pembeni?"

Mwalimu nusura ambusu. Kwa mara ya kwanza Cheche alikuwa anatetea historia! Wakakubaliana palepale kwamba shujaa akishafunga kofia anaona miraba ya mbele yake tu. Ya pembeni lazima aambiwe na wenzake. Kuanzia hapo Jumamosi zikawa na utaratibu mpya. Cheche anauliza, "Mpiga mishale, kushoto kuna nini?" Wifi anajibu, "Kushoto kuna kisima na watu wawili, kaka." "Mwizi, kulia?" Stoo anajibu kwa sauti yake nzito kwamba kulia shwari. Walifurahi kwelikweli. Mwalimu alisema mchezo umepata uhai. Mimi barazani nikasikia mume wangu anauliza kushoto kuna nini, kulia kuna nini, tena na tena, nikaona ni utoto wao tu.

Lakini mimi ni msusi, na kama kuna kitu ninachokijua ni vichwa. Najua mtu anavyokaa na kichwa chake. Cheche alianza kukitumia vingine. Zamani ukimwita, macho ndiyo yalikuja kwanza. Sasa shingo yote iligeuka, taratibu, kama kuku anayesikiliza. Akaanza kugonga bega kwenye kizingiti cha mlango wa chumbani, kizingiti kilekile, na kukilaumu. Akamwaga chai niliyomwekea mkono wa kushoto, akaniuliza kwa hasira kwa nini naweka vikombe mafichoni. Nikamjibu kwamba kikombe kilikuwa mezani, si uvunguni. Tukanuniana mpaka jioni.

Nikaenda karakana kwake kwa kisingizio cha kumpelekea chakula. Nilitaka kumwona akifanya kazi. Alikuwa anaunga fremu ya dirisha, amevaa kofia yake ya kuchomelea, na kazi ilikuwa safi kama zamani, mshono umelala sawasawa. Nikashusha pumzi, nikajisema nina wasiwasi wa bure. Kisha akainua kofia, akanyoosha mkono kuchukua nyundo. Nyundo ilikuwa kando ya kiwiko chake. Mkono ukapapasa juu ya meza, ukaigusa koleo, ukaiacha, ukapapasa tena. Mteja aliyekuwa akisubiri alimtazama, kisha akaniangalia mimi, nami nikajifanya nafungua bakuli. Ndipo nikaelewa kwamba kuchomelea hakumdai macho makubwa. Ndani ya kile kioo cheusi fundi huona kidoa kimoja cha mwanga, ukubwa wa sarafu, na kila kitu kingine ni giza kwa kila fundi. Mume wangu angeweza kupoteza dunia yote ya pembeni na kazi yake isimwambie kitu.

Jumapili nilimnyoa. Huwa namnyoa uani, amekaa kwenye kigoda, taulo shingoni. Alikuwa na furaha. Alikuwa ananieleza jinsi atakavyomsogelea yule jemadari wa maadui Jumamosi ijayo, farasi aanze kwa mwendo wa kawaida, asimchoshe mapema, mbio ziwe za mwisho tu, kwa kuwa Mwalimu amesema ndivyo walivyofanya. Nikazima mashine. Nikasimama nyuma yake, nikanyoosha mkono wangu mpaka usawa wa sikio la kushoto, nikauchezesha.

"Halafu mkuki unaushusha mwishoni," alikuwa akisema, "maana mzito, huwezi kuubeba umelala njia nzima."

Nikausogeza mkono mbele, pembeni ya jicho. Vidole vinacheza. Aliendelea kuzungumza. Nikausogeza tena. Nilikuwa naomba kimoyomoyo aniulize nafanya upuuzi gani. Mkono ulikuwa umefika karibu na pua ndipo akashtuka, akarudisha kichwa nyuma.

"Nini?"

"Nzi," nikasema.

Nikawasha mashine tena ili isikike hiyo na si mimi. Upande wa kulia nao niliupima. Ulikuwa na nafuu, si kubwa. Nilimaliza kumnyoa na nikamfuta nywele shingoni.

Nilipomwambia, hakubisha, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Aliinama, akaokota punje ya kokoto, akasema, "Tangu mvua za mwaka jana. Nilidhani ni uchovu. Halafu nikajua si uchovu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, bibie? Kwamba baba alianza hivihivi?"

Baba mkwe nilimkuta haoni. Waliniambia ni uzee, na mimi nikaamini ni uzee, kwa kuwa alikuwa mzee. Cheche alimshika mkono baba yake kwenda chooni kwa miaka. Alijua njia nzima mwisho wake ni wapi, na alikuwa anaitembea peke yake ndani ya nyumba yangu, huku mimi namlaumu kwa chai.

Hospitali walimpa nafasi kwa daktari wa macho, binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alimkalisha mbele ya kijisanduku cheupe, akamwambia atazame katikati, na kila akiona nukta ya mwanga abonyeze kitufe. Mimi nilikaa nyuma na kuziona nukta. Zilimulika juu, chini, pembeni, huku na huku. Kidole chake kilikuwa kimya. Nukta inamulika, kimya. Nyingine, kimya. Nilitaka kumnong'oneza, bonyeza sasa, baba, bonyeza. Mara moja moja, nukta ilipotokea katikati, alibonyeza kwa nguvu, kama mtu aliyejibu swali sawasawa. Alipotoka pale alikuwa ametabasamu.

"Sikukosa hata moja," akaniambia.

Daktari akatuonyesha karatasi iliyotoka kwenye mashine. Ilikuwa nyeusi, na katikati kuna tundu. La jicho la kulia lilikuwa kubwa kidogo.

"Ni presha ya macho," akasema. "Inakandamiza mshipa wa jicho polepole, haina maumivu. Kilichoondoka kimeondoka, mzee wangu. Hakuna dawa wala upasuaji wa kukirudisha. Nitakupa matone, utaweka kila jioni maisha yako yote, tujaribu kulinda hiki kilichobaki."

"Tujaribu," Cheche akarudia.

"Tujaribu," akasema daktari. Hakutudanganya, na nilimchukia kwa hilo kwa muda wa kufika getini. Alituambia pia ndugu wa damu waje wapimwe. Nikamfikiria Wifi na mishale yake.

Nimekuwa nikimwekea matone mwenyewe. Analala chali kitandani, namfungua kope, tone linaanguka. Alikwenda tena kupimwa, na tundu la kushoto lilikuwa dogo zaidi. Wakabadili dawa. Alikwenda tena. Sipendi kueleza ya mara hiyo, ila hata hapo katikati sasa pameingia ukungu. Mimi ni mtu wa kufanya. Nywele zikikatika nina mafuta, zikishikana nina chanuo, mteja akilia nina maneno. Kwa hili nina chupa moja ndogo, na nikiibana kwa nguvu linatoka tone lilelile moja.

Wenzake aliwaambia mwenyewe, Jumamosi, kabla hawajakaa. Alisema kwa sentensi mbili kisha akauliza karanga ziko wapi. Stoo alisimama, akakaa, akasimama tena. Wifi aliingia jikoni kwangu na kuufunga mlango. Mwalimu ndiye aliyevunjika. Alikumbuka zile Jumamosi zote alizoshangilia historia, anamfungia rafiki yake kofia kwa mikono yake mwenyewe.

"Tuifute hiyo sheria ya kofia," akasema. "Leo hii hii. Shujaa anaona karatasi yote. Hata mkuki usivunjike kamwe, mimi nimekubali. Dadu mbili. Tatu ukitaka."

"Acha, Mwalimu."

"Nasema kweli."

"Najua unasema kweli. Iache sheria." Cheche aliketi, akavuta kiti mpaka tumbo likagusa meza. "Hebu niambie kitu ambacho sijakuuliza. Yule mtu halisi, wa historia yako. Ameshaukumbatia mkuki, farasi yuko mbioni. Anaona nini?"

Mwalimu alinitazama mimi kwanza. Kisha akajibu polepole, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Kwa mbali anamwona mwenzake, kwenye lile tundu. Kwenye mashindano yao, walipokaribia kabisa kugongana, waliinua kidevu. Mkuki ukivunjika, vipande vinaruka, vikiingia tunduni mtu anapoteza jicho. Kwa hiyo aliinua uso juu. Hapo mwishoni haoni kitu."

"Haoni kabisa?"

"Haoni."

"Na farasi?"

"Farasi anaendelea."

"Na yeye anafanya nini?"

Mwalimu alifungua mikono. "Hafanyi kitu, Cheche. Ameshafika mahali ambapo hakuna tena cha kufanya. Anakaza mkono tu."

Mume wangu alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama fundi aliyeelezwa kipimo. Akachukua dadu. "Haya," akasema, "mpiga mishale yuko jikoni, kwa hiyo mwizi, wewe niambie. Kushoto kuna nini?"

Stoo alimwambia. Wakacheza. Wifi alitoka baadaye, macho mekundu, akachukua nafasi yake. Yeye mwenyewe mpaka leo hajaenda kupimwa. Kila nikimtajia ana sababu. Duka limejaa watu, mzigo unafika, wiki ijayo, wifi, nitakwenda wiki ijayo. Siwezi kumbeba mgongoni.

Wiki hiyo mume wangu alikuwa amepewa kazi ya kusimika mnara wa tangi la maji kwenye shule, juu sana. Nilimwomba asipande. Alisema atasimamia chini, wengine wapande. Baadaye nikasikia kwa mke wa fundi mwenzake kwamba alipanda mpaka juu, akaunga viungo vyote kwa mkono wake, na kushuka ilibidi wamshike miguu na kuiweka kwenye ngazi, mmoja baada ya mwingine, maana hakuiona. Nilipomkabili alisema mshono wa juu ulihitaji fundi. Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio yake. Alinisikiliza, akaniacha nimalize, akasema ule mnara ulikuwa wa mwisho. Sikufurahi hata kidogo, ingawa ndicho nilichokuwa nakidai.

Sasa anakwenda karakana kwa kufuata ukuta, na kazi anazofanya ni za mezani. Mageti wanapewa wengine. Jumamosi wanacheza bado.

Juzi wenzake walipoondoka jua lilikuwa halijazama. Nilikuwa barazani nafagia nywele za mteja wa mwisho. Alitoka ndani, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti. Nilikuwa kushoto kwake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikaacha kufagia nimtazame. Alikuwa amevaa shati lake jeupe, lina doa la chai kifuani, na nilimpenda kwa namna iliyonitisha.

"Bibie," akaita.

Akageuza kichwa kulia, taratibu, akaipita miti, ukuta, geti alilolitengeneza mwenyewe. Akakirudisha katikati. Akakileta kushoto, kwangu. Uso wake ulipita juu ya uso wangu bila kusimama, ukaenda mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Ongea basi," akasema, anatabasamu kidogo, kwa aibu. "Nijue uko wapi."

Mimi nilivyo na mdomo huu. Nikaufungua. Kilichokuja kilikuwa kilio, na kilio sikutaka akisikie, kwa hiyo nikaubana kwa kiganja na fagio likiwa bado mkononi. Aliendelea kusubiri. Akageuza uso tena, polepole zaidi, anatafuta, akafika nilipo, akanipita.